Meza ya Kwenye Buti

Jina lake sitalitaja. Hapa Meteghan
ukisema "lile gari" kila mtu anajua ni lipi:
yamejaa kanisani Jumapili, yamejaa kwenye uwanja wa hoki,
na kila moja, mapema au mwisho,
limewahi kulala juu ya jeki yangu
likanionyesha tumbo.

La kwanza alilileta Alphée Saulnier
mwaka ule theluji ilipofukia masanduku ya barua.
Fupi, la kijani, limenyanyuka kama mtoto
aliyevaa viatu vya baba yake.
Tairi la akiba mgongoni,
mlango wa nyuma ukifunguka kando kama wa jokofu.
"Urbain," akaniita, "njoo uone kichekesho."
Akainua sakafu ya buti. Sakafu ilikuwa meza.
Tukaikunjua miguu palepale, kwenye matope ya gereji,
tukala râpure ya Ozélie, viazi vya kukuna na kuku,
tukicheka kwamba wahandisi wa ng'ambo ile
walijuaje kuwa sisi ni watu wa kula njiani.

Mimi husoma gari kwa uchafu wake.
Miaka ile nilisoma mchanga wa Mavillette,
gamba la kambakoche, krayoni iliyoyeyukia kwenye mkanda,
soksi moja ya Réjean,
na jino. Jino la utoto la Zita,
nikalirudisha ndani ya bahasha.

La pili lilinenepa kidogo, kama sisi sote.
Meza ilikuwamo bado.

La tatu likaja uso umefura
na mgongoni hakuna kitu:
tairi limefichwa chini, kama deni,
mlango umejifunza kwenda juu.
Alphée akainua sakafu. Jeki, sponji, upepo.
Hakusema neno. Akalipia oili, akaondoka.

La nne lilikuwa na jicho kisogoni.
Zita akajifunza kurudi nyuma bila kugeuza shingo
nami nikaudhika bure, uzee tu.
La tano lilikuwa na skrini
iliyomwambia Alphée amechoka, apumzike.
"Hata mke wangu," alisema, "huniambia mara moja."

Kipya kinyemi, ingawa kidonda.
Lakini sitasema uongo:
yale ya mwanzo chumvi ya barabarani iliyatafuna makalio,
na usiku Réjean alipoteleza kwenye barafu
karibu na Pointe-de-l'Église,
mifuko ya hewa ya lile la nne ilimpokea kama godoro.
La kwanza lingempokea kwa kioo.
Nilikuwa na ulimi mrefu kuhusu zamani.
Usiku ule niliumeza.

La sita halina sauti.
Nilikuwa nimeinama kwenye boneti ya mtu mwingine;
kugeuka, liko mlangoni kama paka,
pana, linakomba fremu ya gereji.
Kiti cha dereva kimesogezwa mbele, mbele sana.
Ozélie akashuka peke yake.

Akapitisha kiatu cheusi chini ya bampa, buti likafunguka.
Ndani, juu ya blanketi, ile meza.
Alphée aliing'oa kabla gari halijapelekwa kusagwa,
akaificha darini miaka yote.
Hata yeye mkewe ameiona juzi, akitafuta suti.

"Itie," akasema.

Nikapima. Siku hizi chini ya sakafu kuna betri.
Nikaizungusha kushoto, nikaizungusha kulia,
ikakataa kwa sentimita nne.
Nikaufuata msumeno. Akanishika mkono.
"Usiikate. Ikae upande."

Basi inakaa upande, nimeifunga kwa mikanda miwili,
na kwenye kila shimo la barabara inagonga.
Nilitaka kuiwekea sponji. Sijaiweka.
Gari zima limenyamaza, linagonga hilo moja tu,
nami kutoka chini ya magari ya watu
husikia Ozélie anakuja
kabla hajafika kwenye kona.